Sehemu ya Saba

Lugembe wa Makoroboi alitunakilia kwa buku mbili
tamthilia ya giza, sehemu kumi kwenye flashi moja:
daktari anamrudufu binti yake aliyezama,
anamrudufu tena, na tena,
mpaka nyumba inaishiwa viti.
Sehemu ya saba haikuingia.
Tukatoka ya sita tukatua ya nane,
kama mtu anayeruka maji ya Mirongo,
macho mbele, asione kinachopita chini.

Mimi ni hodari wa kutafuta matobo.
Nilianza na umeme.
Maabara ile, nikasema, haijawahi kuishiwa Luku?
Mitungi kumi na miwili inatokota usiku kucha
na hakuna hata siku moja mtoto aliyetumwa dukani
akarudi akiimba tarakimu ishirini asizisahau?
Na huyu wa pili, amekua lini?
Msimu mmoja wa mvua, tayari ana matiti na hasira.
Mahindi yenyewe yana subira kuliko hivyo.
Nani alimnyonyesha? Nani alimpa kitambulisho,
ilhali changu nimekifuatilia miaka mitatu
na Shija akarudi ameandikwa Shinje?

Halafu kovu.
Wa kwanza aliunguzwa na uji, goti la kushoto,
akiwa na miaka minne. Wa pili anatoka mtungini
na kovu lilelile, goti lilelile.
Nikasimamisha picha, nikainuka, nikagusa kioo:
Mwili unarithiwa, Dotto. Ajali hairithiwi.
Uji haumo kwenye damu!
Hapa mwandishi alisinzia.

Dotto alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo,
vichwa huku, miili kule.
Hakusema kitu.

Lakini nitende haki, mimi si mtu wa kubomoa tu:
kuna mahali wamepatia mpaka mate yakanikauka.
Yule wa pili anaingia jikoni alfajiri.
Hakuna muziki. Hakuna mvua ya kutusaidia kulia.
Anafungua kabati, anachukua kikombe bila kukitafuta,
anajua kipi kina ufa,
na mama, mlangoni, anamwita kwa jina la marehemu
kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu cha jirani.
Msichana anaitika.
Anaitika kwa adabu. Hilo ndilo lililoniumiza.

Umeme ukakatika hapohapo. Wa kwetu, wa Mabatini.
Mlima mzima ukazimika, nyumba na mawe vikawa kitu kimoja,
na mbali, ziwani, karabai za wavua dagaa
zikabaki zimejipanga, hujui ipi ni ipi.

Gizani Dotto akasema: Mimi ninalo.
Nini?
La Kulwa.

Kulwa simjui. Alikufa kabla sijazaliwa;
mimi nilikuja nyuma yao na jina langu likinisubiri,
kama lao lilivyowasubiri wao.
Dotto akaushika mkono wangu, vidole vikinuka dagaa,
akaupitisha chini ya kanga, bega la kulia.
Pana kitu pale. Kigumu, upana wa shilingi.
Yeye ndiye aliyemwagikiwa mafuta, akasema.
Mimi nilikuwa Magu, kwa bibi, sikuwepo.
Baada ya msiba mama akawa ananiogesha kila jioni
na akifika hapa hapiti.
Anatafuta. Anasugua kwa jiwe, anamulika kwa taa, anasugua.
Hapakuwa na kitu, Shija.
Alisugua mpaka pakawa na kitu.

Nilitaka kusema neno. Nilikuwa na maneno mengi
saa moja kabla.

Umeme uliporudi, televisheni ilikuwa imesahau tulipofika,
ikaanza upya, sehemu ya kwanza:
binti wa kwanza, mzima, goti lake na kovu lake,
anakimbia kuelekea majini.
Dotto akapunguza sauti. Akapepeta ungo.

Kesho Lugembe anafungua?
Anafungua.
Mwambie atutafutie ile ya saba, akasema.
Labda humo walieleza.